Mtangazaji Aliyekatazwa Kusema "Sisi"

Verlin Hostetter alitangaza mpira wa kikapu wa Chuo cha Wendling kwa miaka thelathini na mmoja, na katika muda huo wote hakuna mtu aliyewahi kumshtaki kwa kosa la kutopendelea. Kwa maelezo yake, marefa wote wa Indiana walikuwa ama vipofu ama binamu wa kocha wa upande wa pili. Vijana wa Wendling hawakucheza rafu kamwe, "walijitafutia nafasi." Wapinzani walipocheza vizuri ilikuwa bahati, na walipocheza vibaya ilikuwa tabia yao ya kawaida. Timu yake haikuwa na haja ya jina. Ilikuwa "sisi." Wengine wote, kutoka chuo chochote, wa rangi yoyote ya jezi, walikuwa "wao."

Mji wa Wendling ulikuwa na watu elfu tatu na mia mbili, na wote waliijua sarufi hiyo kuliko ile waliyofundishwa shuleni. Mama akiwa jikoni, maji yakimwagika na mtoto akilia, alisikia "tumefunga" akatabasamu bila kujua kwa nini. Akisikia "wamefunga," sufuria ndiyo iliyopata adhabu.

Kulikuwa na desturi nyingine. Redio za Wendling hazikusikiliza kushindwa. Mara tu iliposikika kwamba "wao" wameshinda, mkono ulikwenda kwenye kitufe, na mji mzima ukazima kwa pamoja kama taa za kanisa baada ya ibada. Wafanyabiashara walikataa kuweka matangazo yao baada ya mchezo, isipokuwa mwenye nyumba ya mazishi, ambaye aliona hapo ndipo mahali pake.

Mwaka 2005, kabla baridi haijaisha, yalitokea mambo mawili. La kwanza, mwenye kituo cha redio cha Wendling aliwaita wafanyakazi wake, akawaambia kwa huzuni ya mtu aliyekwisha kununua nyumba Florida kwamba amekiuza kituo kwa kampuni ya Texas. Kuanzia Juni vipindi vyote vingeshuka kutoka angani kwa setilaiti, vikitoka katika chumba kimoja cha Dallas ambamo hakukuwa na mtu. La pili, vijana wa Wendling walianza kushinda, jambo lililowashangaza hata wao wenyewe. Katikati ya Machi walikuwa wamefika fainali ya vyuo vidogo vya nchi nzima, iliyochezwa Missouri.

Waandaaji walikuwa wameuza haki za redio kwa kampuni ya redio ya setilaiti. Huko Wendling redio ya namna hiyo ilijulikana kuwa ni ya madereva wa malori na wanaume waliogombana na wake zao. Kampuni hiyo haikuwa na mtangazaji wa kumpeleka kwenye mchezo wa vyuo ambavyo haikuvijua, kwa hiyo ikamtafuta wa Wendling. Hivyo ndivyo Kirsten Ballard, msimamizi wa matangazo mwenye umri wa miaka ishirini na saba, alivyompigia simu Verlin, mwenye hamsini na minane.

Alimweleza kwamba mchezo wake ungesikika kutoka Maine hadi Arizona. Akaongeza kwamba kampuni inahitaji mtu wa kudumu wa kutangaza vyuo vidogo msimu ujao, michezo arobaini, na kwamba wakubwa wake wangekuwa wanasikiliza.

Verlin alivuta kiti karibu na simu. Mchana alikuwa akiwauzia wakulima mbegu za mahindi, kazi ya heshima ambayo haikuwahi kumwamsha mtu alfajiri kwa furaha. Kipaza sauti ndicho kilichomwamsha. Ikifika Juni na hakijapatikana kingine, atabaki kuwa muuza mbegu anayeongea kupita kiasi. Kulikuwa na mlango mmoja tu, na ulikuwa umefunguliwa na setilaiti ile ile iliyokuja kumfungia mwingine.

"Lakini kuna jambo moja, Bwana Hostetter," Kirsten alisema. "Nimesikiliza kanda zako. Katika mchezo mmoja umesema 'sisi' mara mia mbili na kumi na nne."

"Ulihesabu?"

"Alihesabu mwenzangu. Yuko likizo sasa."

Akamweleza kwa upole, kama muuguzi anayemweleza mgonjwa kitakachokatwa. Nchi nzima itasikiliza. Mtu wa Arizona si mtu wa Wendling. Verlin alilitafakari hilo, akakiri kwamba ni kweli, ingawa hakuwahi kumtazama mtu wa Arizona kwa jicho hilo. Masharti yalikuwa matatu: asiseme "sisi", azitangaze timu zote mbili kwa sauti ile ile, na awaache marefa na macho yao kama Mungu alivyowajalia.

Alianza mazoezi nyumbani. Mkewe, Lavonne, alikuwa mwanamke aliyeolewa na sauti ya redio kwa miaka thelathini na mitatu na aliyejifunza kuipunguza bila kugusa kitufe. Jioni ya kwanza Verlin alisukuma sahani yake, akasema kwa utulivu wa hakimu, "Wamekula."

"Nani?"

"Sisi."

"Basi wao ndio watakaoosha vyombo," Lavonne alisema, akainuka kwenda sebuleni.

Baba yake alikuwa mgumu zaidi. Mzee Orval Hostetter, mkulima mstaafu wa miaka themanini na minne, mjane, hakukosa hata mchezo mmoja wa mwanawe tangu wa kwanza. Alisikiliza na penseli mkononi, akiandika kila kikapu nyuma ya kalenda za zamani za kampuni ya mbegu. Verlin alikwenda kumweleza mwenyewe, ili asije akashtuka.

"Wao ni nani?" mzee aliuliza.

"Ni sisi, baba."

"Na wale wengine?"

"Nao ni wao."

Mzee Orval alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena, kana kwamba tatizo lilikuwa kwenye vioo. "Verlin," alisema, "hata Shetani ana upande."

Verlin alikuwa mtu wa sala. Hakuwa wa sala za kuonekana. Wenzake walijua tu kwamba kabla ya kila mchezo hutoweka dakika tano, na wengi walidhani ana matatizo ya tumbo. Asubuhi ya fainali, Missouri, alipiga magoti kando ya kitanda cha hoteli. Hakuomba ushindi. Aliona kwamba sala hiyo ilikuwa ikipelekwa na midomo mingi kutoka Wendling, na hakutaka kuonekana anasukuma foleni. Aliomba ulimi wake tu. "Bwana," alisema, "nikijisahau nimekwisha. Ufunge mdomo wangu kwa neno lile moja. Nisilitamke leo hata mara moja."

Kisha akasema amina, bila kuweka masharti mengine wala kikomo cha muda. Watu wengi huomba hivyo, na wengi wana bahati kwamba hawajibiwi sawasawa.

Huko Wendling watu walikusanyika katika ukumbi wa Kanisa la Methodisti. Mji mzima ulikuwa na redio moja tu ya setilaiti, ya Loren Pflug, mfugaji wa ng'ombe na dereva wa lori la maziwa. Loren aliing'oa kutoka kwenye lori lake, akaiweka juu ya meza yenye kitambaa cheupe, akaisimamisha antena yake kwenye dirisha la kusini, akawaonya watu wasipite mbele yake. Kwa jinsi alivyoelekeza kidole angani, mtu angedhani setilaiti ile aliirusha yeye mwenyewe Ijumaa baada ya kukamua.

Mkewe, Nedra, alikuwa ameleta keki ya ghorofa tatu, yenye maandishi ya sukari ya bluu: MABINGWA 2005. Mchungaji Dale Rupp alimuuliza taratibu kama hilo si kujivuna mbele za Bwana kabla ya wakati. Nedra alijibu kwamba ni imani, na kwamba sukari imekwisha ganda.

Mchezo ulianza saa saba mchana. Katika ukumbi wa Missouri, Verlin alikaa mezani kando ya uwanja, Kirsten ubavuni pake akiwa na karatasi nyeupe na kalamu nyekundu ya kuweka alama kila neno lile litakapotoka. Wapinzani walikuwa Chuo cha Norhaven kutoka Minnesota, vijana warefu, weupe kama jibini, wenye heshima kiasi kwamba ilikuwa vigumu kuwachukia bila mazoezi.

Na ulimi ulilindwa. Wendling walipofunga, Verlin alisema, "Wamefunga." Norhaven walipofunga, alisema, "Wamefunga." Ilipofika dakika ya nane, Tyler Bontrager wa Wendling alipokonya mpira, akakimbia nao peke yake, akaupachika kwa mikono miwili, na Verlin akafungua mdomo na kusikia neno likija kama treni. "Tu—" alisema. Kalamu nyekundu ikainuka. "Tu... angalie saa," Verlin alimalizia, huku jasho likimtoka. "Zimebaki dakika kumi na mbili." Kirsten alisita, akaishusha kalamu. Wakati wa mapumziko karatasi ilikuwa bado nyeupe, na msichana akamsogezea kipande kilichoandikwa: Safi sana. Verlin alijisikia kama mtu anayesifiwa kwa kutembea vizuri bila miguu.

Ukumbini kwa Wamethodisti mambo hayakuwa rahisi. Mara tano za kwanza iliposemwa "wamefunga," nusu ya watu waliguna na nusu wakashangilia, kisha wakabadilishana. Mwishowe Mzee Orval, aliyeketi karibu zaidi na redio kwa sababu ya umri na masikio, alijipa kazi ya ukalimani. Alisikiliza jina la mchezaji, akaandika kwenye kalenda, akageuka na kutafsiri.

"Wamefunga," ilisema redio.

"Sisi," alisema mzee, na ukumbi ukapiga makofi.

"Wamefunga."

"Wao," alisema, na ukumbi ukanyamaza.

"Huyu ni mwanao kweli, Orval?" aliuliza jirani yake mmoja. "Au wamemsomesha wakatuletea mwingine?" Mzee alimjibu kwamba ni mwanawe, lakini leo ameazimwa.

Kwa namna hiyo walisikiliza karibu saa mbili. Walizoea kama mtu anavyozoea chakula cha hospitali. Wendling walikuwa mbele, wakawa nyuma, wakawa sawa, na zilipobaki sekunde sita walikuwa mbele kwa pointi moja, sitini na moja kwa sitini, na mpira ulikuwa mikononi mwa Norhaven.

Hapo ndipo Loren Pflug alipogundua kwamba ng'ombe wanamsubiri. Ng'ombe hao walikuwa wamesubiri tangu saa nane na nusu bila kumsumbua dhamiri, lakini moyo wake haukuweza tena kustahimili, na mwanaume wa Wendling hawezi kusema hivyo ukumbini. Alitoka, akawasha lori lake la maziwa, akaliendesha polepole hadi kwenye njia ya kutokea, akalisimamisha hapo ili asikie watu watapiga kelele gani. Alilisimamisha mbele ya dirisha la kusini. Tangi lile la chuma, refu kama darasa la Jumapili, likasimama kati ya Wamethodisti na mbingu.

"Lindqvist anaupata," ilisema redio. "Anaruka, anarusha—"

Kisha kimya. Watu mia mbili waliinama kuelekea redio.

Missouri hakukuwa na kimya. Mpira wa Lindqvist ulipanda, ukagonga chuma, ukagonga tena, king'ora kikalia, nao ukatoka nje na kudunda sakafuni. Verlin alilisema hilo lote, pigo kwa pigo, kwa ufasaha, kwa manufaa ya watu wa Arizona. Vijana wa Wendling walirundikana katikati ya uwanja. Miaka thelathini na mmoja ya kushindwa kwa heshima ilikuwa imekwisha mbele ya macho yake, na kifua kizima cha Verlin kilipanda kooni na neno moja. Mungu, ambaye ni mwaminifu, akalizuia.

"Wameshinda," alisema, kwa sauti ile ile anayosomea bei ya mahindi saa sita mchana. "Wameshinda, mabibi na mabwana."

Akanyamaza kwa sababu alikuwa analia, na katika masharti matatu hakukuwa na lolote kuhusu kulia. Akanywa maji. Baada ya sekunde tisa au kumi aliweza kuendelea, akasema wazi na kwa ukamilifu kwamba Chuo cha Wendling cha Indiana ndicho bingwa wa vyuo vidogo wa nchi nzima.

Huko kwao, muda mfupi kabla ya neno lile, Loren alikuwa amesogeza lori hatua mbili ili asikie vizuri zaidi. Mbingu zikafunguka kiasi cha kupitisha neno moja.

"Wameshinda," ilisema redio. "Wameshinda, mabibi na—"

Wote walimsubiri mkalimani. Lakini mtu anaweza kujifunza lugha mpya kwa saa mbili, na bado akishtushwa usingizini ataita kwa lugha ya mama yake. Mzee Orval alikuwa ameshtushwa. Alilisikia neno kama alivyolisikia miaka yote, katika sauti ya mwanawe, bila shangwe. Mkono wake ukaenda kwenye kitufe, akaizima redio.

Hakuna aliyebisha. Wabishe nini? Katika Wendling, redio ikizimwa na Orval Hostetter, mambo yamekwisha.

Mchungaji Rupp alisimama, akamshukuru Mungu kwa zawadi ya unyenyekevu. Ilikuwa sala nzuri sana, iliyopangwa vizuri mno kwa sala ya ghafla, na baadhi ya watu waliona kwamba huenda imekuwa tayari tangu Alhamisi. Waliitikia amina. Na hivyo, wakiwa na jibu la sala zao zote limekwisha kutolewa, watu mia mbili walimwomba Mungu awape nguvu za kulipokea jibu jingine.

Ikabaki keki. Nedra alisema hawezi kuwaacha vijana wale warudi na kuiona. Ingekuwa kuwacheka usoni. Akachukua kisu, akaanza kwenye herufi M. Ilikuwa huruma tupu, hakuna aliyeila kwa tamaa, ingawa wengine walihurumia vipande viwili. Watu wa zimamoto, waliokuwa wamelipamba gari lao kwa riboni ili wakaipokee timu kwenye mpaka wa wilaya, walizivua riboni na kuzikunja vizuri. Mzee Orval alikula kipande kilichoandikwa G, akisema kina utamu kupita kiasi.

Saa kumi kasoro dakika ishirini simu ya jikoni ya kanisa ililia. Mpigaji alikuwa mama yake Tyler Bontrager, kutoka Missouri, akiwa karibu hana sauti. Nedra alipokea.

"Pole, mpenzi wangu," alisema. "Poleni sana nyote. Mlijitahidi."

"Pole ya nini?"

"Ya... basi, Mungu ana sababu zake."

"Nedra," alisema mama Bontrager, "mmekunywa nini huko kanisani?"

Walioshuhudia walisema Nedra aliiweka simu chini, akaitazama ile sinia iliyobaki na makombo na 05 tu, kisha akauliza kwa sauti ndogo kama kuna mtu ambaye bado hajamaliza kipande chake.

Wachezaji walirudi saa nne usiku. Walikuta riboni zilizokunjamana kwenye gari la zimamoto, mji mzima barabarani ukishangilia kwa sauti ya hatia, na sinia yenye makombo na tarakimu 05. Tyler Bontrager aliuliza keki ilikuwa ya nini. Akaambiwa kwamba ni hadithi ndefu. Akasema ana muda. Hakuna aliyeisimulia.

Ilibidi apatikane mwenye kosa. Lori halina aibu, na Loren ndiye aliyekuwa na redio. Huwezi kumgombeza mtu ambaye utamhitaji Machi ijayo. Mzee Orval alikuwa na miaka themanini na minne. Mchungaji alikuwa mchungaji. Kwa hiyo mji uliamua, bila mkutano, kwamba aliyeila keki ni Verlin, ambaye siku hiyo alikuwa maili mia tatu kutoka kwenye kisu.

Jumatatu aliingia mkahawani kama kawaida yake. Mhudumu alikuja na birika, akasimama pembeni yake, akauliza ukuta, "Wanataka kahawa?"

"Nataka," alisema Verlin.

"Na maziwa, je? Wanaweka?"

Mkulima wa meza ya jirani alisema amwache mtu wa watu, huyo sasa ni wa Arizona. Verlin alicheka pamoja nao, kwa kuwa asiyecheka huchekwa mara mbili. Aliweza kulivumilia hilo. Asiloliweza lilikuwa nyumba ya baba yake. Alibisha hodi Jumapili, mzee akasema kupitia mlangoni kwamba amelala, kwa sauti ya mtu aliyesimama. Alibisha tena Jumanne, mzee akasema ana kazi. Alikuwa amestaafu kwa miaka kumi na tisa.

"Amekasirika," Verlin alimwambia mkewe.

"Amekasirika na nani?" Lavonne aliuliza, na alipoona mumewe hajaelewa, alitikisa kichwa, akaendelea kukunja nguo.

Jumatano Kirsten alipiga simu. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyepandishwa cheo. Aliisikiliza kanda mara mbili, alisema, na bosi wake mara moja na nusu. "Na unajua bosi wangu alisema nini? Kama asingeambiwa, asingeweza kabisa kujua wewe ni mtu wa wapi."

Alilisema kama sifa, na katika mdomo wake hakuna sifa kubwa kuliko hiyo. Kazi ilikuwa yake. Michezo arobaini msimu ujao, na kwa kuanzia, mchezo wa wasichana huko Idaho, siku kumi zijazo. Verlin alishukuru, akaomba asubiriwe hadi asubuhi.

Jioni hiyo alipiga magoti mapema. Safari hii aliomba kwa uangalifu mkubwa. Alitaja anachotaka, akataja asichotaka, akaeleza mipaka, akarudi kusahihisha sehemu ya katikati, akaongeza kwamba kama kuna neno lolote lenye maana mbili, basi ichukuliwe maana nzuri. Lavonne alimsikia akinong'ona robo saa nzima.

"Unasali au unaandika mkataba?" aliuliza.

"Nataka kukubali," Verlin alisema, bado magotini. "Naona aibu kwamba nataka. Baada ya yote yale bado nataka."

"Miaka thelathini na mitatu nimeishi na wewe. Ungekaa bila kipaza sauti mwezi mmoja ningekununulia mimi mwenyewe." Akazima taa ya upande wake. "Kubali, bwana. Ila hapa nyumbani useme 'sisi.'"

Alikubali.

Asubuhi ya safari alikuwa akiweka sanduku kwenye gari alipomwona baba yake akija kwa miguu kando ya barabara, akiwa amevaa koti la kanisani. Mzee alifika, akaangalia magurudumu moja moja, kana kwamba ndiyo yaliyomleta. Walizungumza kidogo kuhusu barabara ya kwenda uwanja wa ndege. Walizungumza kuhusu mvua. Kisha mzee akaweka mkono juu ya mlango wa gari.

"Hao wasichana unaokwenda kuwatangaza. Unayo majina yao?"

"Ninayo, baba. Yote."

"Wana mama zao?"

"Nadhani wanao."

"Basi yupo mama mmoja atakayekuwa amekaa mahali ambapo redio inakatika," alisema mzee. "Usimwambie wameshinda. Mwambie ni nani."

Verlin alisimama na funguo mkononi. Masharti yalikuwa matatu, na aliyajua kwa moyo, na aliyapitia sasa moja baada ya jingine akitafuta lile lililokuwa limemzuia. Halikuwepo.

"Hakunikataza majina, baba," alisema polepole. "Yule binti. Hakuwahi kunikataza majina."

"Najua." Mzee Orval alikuwa akitazama upande wa mashamba, ambako hakukuwa na kitu bado, matope tu. "Na mimi hakuna aliyenikataza kusubiri."

Akaligonga paa la gari mara mbili kwa kiganja, kama mtu anayeruhusu ng'ombe watoke zizini, akageuka kurudi kwake, akitembea haraka kuliko alivyokuja, ili asije akajibiwa.